BARABARA SI YA MOTOKAA PEKE YAKE



Simama kando ya Jogoo Road saa kumi na mbili na nusu asubuhi, utazame ni nani anayekwenda kazini. Ni sisi. Watu wa Makadara, wa Kaloleni, wa Makongeni, twatembea mpaka Industrial Area kwa kuwa nauli ya basi ndiyo unga wa jioni. Na njia yetu iko wapi? Ni ule ukingo wa vumbi, mvua ikinyesha ni matope. Humo humo mna mkokoteni, mna baiskeli, mna mama wa chai, na matatu ikichoka kungoja foleni nayo huingia humo.

Halafu twaambiwa tunavuka ovyo! Kila mwaka katika Kenya, wanaokufa barabarani wengi kuliko wote ni waendao kwa miguu. Sisi wa reli twajua kazi hii. Treni ina njia yake, abiria wana jukwaa lao, na njia zikikutana huwekwa geti. Hatuwasimamishi abiria katikati ya reli kisha tukawalaumu.

Mwaka 2022 ilifunguliwa Nairobi Expressway, kilomita 27, ya kulipia. Mwenda kwa miguu haruhusiwi. Mtaniambia hiyo ni ya Serikali kuu, si ya Kaunti. Vema. Lakini Kaunti yenyewe iliandika sera mwaka 2015 kwamba asilimia 20 ya fedha za barabara ziwe za waendao kwa miguu na baiskeli.

Wala si jambo lisilowezekana. Luthuli Avenue mwaka 2019 magari yaliachiwa upande mmoja wa kwenda, njia za miguu zikapanuliwa, miti ikapandwa. Maduka yapo hadi leo.

Ndugu mmoja wa tawi letu, mwenye gari, asema wachuuzi ndio wanaoziba njia. Na maandazi yake ya saa nne hununua wapi? Mchuuzi huenda palipo na watu. Achorewe mstari, apewe futi zake, nasi tupewe zetu, na mwenye mkokoteni vile vile.

Wajumbe wetu wakikaa na waajiri husema mshahara na nyumba tu. Na waseme njia pia. Tena kila mwaka Kaunti huita wananchi watoe maoni juu ya bajeti. Siku hiyo tawi zima liende, na swali liwe moja: ile asilimia 20 iko wapi?