Dawa ya Viungo Ipimwe Pia kwa Sukari

Mgonjwa mwenye baridi yabisi ya rumatoidi pamoja na kisukari hutibiwa kwa dawa zinazogombana. Prednisoloni hutuliza uvimbe wa viungo upesi, lakini hulichochea ini kumwaga sukari katika damu na kuifanya misuli isiitikie insulini. Anayemeza vidonge asubuhi hupandwa na sukari zaidi mchana na jioni. Kipimo cha kabla ya kifungua kinywa, ambacho hutegemewa sana, huweza kuonyesha hali shwari huku madhara yakiendelea. Tangu Philip Hench na wenzake walipomtibu mgonjwa wa kwanza kwa kotizoni huko Marekani mwaka 1948, kasoro imekuwa ileile: dawa inayohitajika kiungoni husambaa mwili mzima.

Chembe nano zinalenga kasoro hiyo. Liposomu, yaani vifuko vya mafuta vyenye kipenyo cha takriban nanomita 100, hubeba dawa ndani yake. Mishipa ya damu ya kiungo kilichovimba huvuja, hivyo vifuko hupenya humo kwa wingi kuliko katika tishu zenye afya, kisha humezwa na makrofaji, seli zinazouchochea uvimbe. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba sindano moja ya prednisoloni iliyofungwa hivyo iliweza kuondoa uvimbe wa viungo katika panya.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya vifuko huishia katika ini na wengu, na ini ndilo linalomwaga sukari. Kwa hiyo dai kwamba dawa hizi zitamnusuru mwenye kisukari halipaswi kukubaliwa kwa kutazama goti lililopona tu. Majaribio, ambayo mara nyingi huwaacha nje watu wenye maradhi mengine, yawahusishe wagonjwa hao na kupima sukari yao hadi jioni.

Wapo watakaosema hii ni anasa kwa Afrika Mashariki. Amfoterisini B ya liposomu ilijaribiwa Uganda na nchi nyingine za Afrika dhidi ya homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka 2022. Kikwazo kikubwa ni bei, nayo hujadiliwa vyema kabla dawa haijafika sokoni. Kwa sasa, methotreksati ya mara moja kwa wiki, ikianzwa mapema, hupunguza haja ya prednisoloni. Na kwa asiyeweza kuiacha, sukari ipimwe pia alasiri.