Jani la Chai Lina Lori, Mama Mjamzito Je?

Nashika kalamu kutoa maoni yangu kuhusu jambo lililozua kelele nyingi katika mjadala wetu wa muhula uliopita. Hoja ilikuwa kwamba serikali inunue ndege za kuwabeba akina mama wajawazito wa mashambani hadi hospitalini. Waliounga mkono walishangiliwa mpaka mabati yakatikisika. Mimi nilikuwa upande wa upinzani, na dakika tatu nilizopewa hazikunitosha. Leo nimepewa ukurasa mzima.

Kwanza, nisieleweke vibaya. Ndege ya wagonjwa si mchezo. Mwaka wa 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege hapa Afrika Mashariki. Ndiyo iliyozaa shirika tunalolijua kwa jina la AMREF, na mpaka leo ndege za kubebea wagonjwa huruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Kule Turkana, Marsabit au Mandera, ambako daktari wa upasuaji anaweza kuwa mamia ya kilomita mbali, ndege ni uhai. Huko ziende, tena ziongezwe.

Lakini jamani, Soin si Turkana. Wenzetu wanaotoka mbali wajue kwamba kwa Kikipsigis mosop ni nchi ya juu yenye baridi, kunakostawi chai, na soin ni nchi ya chini yenye joto. Sisi wa huku chini tunalima mahindi na miwa, na tunapakana na watu wa Kisumu. Hospitali ya rufaa ya Kericho iko hapo juu. Wenzetu wa Bomet wana Longisa na Tenwek. Ukitazama ramani utasema tuko karibu sana. Shida ni kwamba mama mjamzito hasafiri juu ya ramani, anasafiri juu ya tope.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Ndege inahitaji kiwanja. Vilivyo karibu nasi ni Kerenga, huko Kericho kwenye mashamba ya chai, na uwanja wa Kisumu. Sasa niambie, mama akishafika Kericho au Kisumu, ndege ni ya nini tena? Hospitali kubwa si iko hapo hapo? Mpinzani wangu alisema basi iletwe helikopta, kwani wakati wa kampeni tunaziona zikitua hata katika viwanja vya shule. Ni kweli, lakini wanasiasa huja mchana, jua likiwaka. Uchungu wa uzazi hauchagui saa, na usiku wa mvua na ukungu wa Kericho rubani mwenye akili hawezi kutua katika shamba la mahindi.

Masika ya mwaka juzi mama mmoja jirani yetu alishikwa na uchungu saa nane usiku. Kijana wa bodaboda alikuja mbio, lakini pikipiki ikakwama kwenye mtelemko. Wanaume wakambeba mama kwa blanketi, nami nikatangulia na tochi. Simu ilipigwa kuomba ambulensi. Jibu likawa kwamba gari lipo lakini halina mafuta. Tulifika kwenye lami kumepambazuka, tukapata matatu ya kwanza. Mama alipona, mtoto hakupona. Usiku ule hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria ndege. Tulichotaka ni changarawe kwenye ule mtelemko na dizeli ndani ya gari.

Sasa tazameni jani la chai. Likishachumwa haliwezi kulala, lazima lifike kiwandani mapema, la sivyo linaharibika. Ndiyo maana huko mosop kuna vituo vya kupimia majani karibu na wakulima, na lori lina ratiba yake. Barabara zao nazo zina tope, lakini lori likikwama siku moja tu, kelele zinafika mpaka kiwandani. Hata huku kwetu, miwa ikikomaa trekta hutafutiwa njia. Mimi siwaonei wivu wakulima, maana karo yetu inatoka humo. Ninachouliza ni hiki: mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa kwa muda wa saa mbili. Jani la chai huvumilia zaidi ya hapo. Ni kipi basi kinachostahili kuwahishwa?

Wengine husema hayo ni maneno ya watoto wa shule. Basi wasome Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne linaziweka huduma za ambulensi mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo mafuta ya gari hilo si hisani ya mtu.

Ni kweli tumepiga hatua. Mwaka wa 2013 serikali ilitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma kutakuwa bure. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 62 ya uzazi ulisaidiwa na wahudumu wenye ujuzi, na ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 89. Lakini sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, akina mama 355 hufariki. Kitanda kilitangazwa kuwa bure, ila njia ya kukifikia hatukutangaziwa.

Je, tufanye nini? Ambulensi moja ilale huku chini Soin, si mjini, na mafuta yake yaandikwe kwenye daftari ambalo wananchi wanaweza kulisoma. Pili, tujifunze kwa jirani. Tanzania ina mpango uitwao m-mama, ulioenezwa nchi nzima kuanzia 2022. Mama hupiga simu bila malipo, na pasipo ambulensi, dereva wa kawaida aliyesajiliwa humchukua, kisha hulipwa kwa simu. Magari kama hayo si yapo hata hapa sokoni kwetu? Tatu, pajengwe nyumba karibu na hospitali ambako mama wa mbali atangoja siku zake zikikaribia.

Nanyi wanafunzi wenzangu, msikae mkingoja kaunti. Ukienda likizo, muulize mama, dada au shemeji mjamzito: siku ikifika utabebwa na nani? Namba ya dereva iko wapi? Nauli imewekwa? Akina baba nao wasingoje kikao cha ukoo kumtoa mama nyumbani. Heri kufika hospitalini mapema ukaambiwa urudi, kuliko kuanza safari wakati damu imeshamwagika.

Siku mtelemko wetu utakapopitika usiku wa mvua, nitakuwa wa kwanza kuunga mkono hoja ya ndege. Mpaka siku hiyo mimi bado ni mpinzani.