Jua la Saa Sita Liko Upande Gani?

Mama mmoja wa Tanga, msomaji wetu, ametuletea barua ndefu ambayo twaona yafaa ijibiwe hapa mbele ya wote, kwani jambo aliloliuliza lazihusu nyumba nyingi. Mwanawe wa miaka 17 ataka kwenda na wenziwe watatu, katika likizo ya mwezi wa Juni, kutembea kwa miguu milima ya Usambara, kutoka Lushoto hadi Mtae, wakilala njiani. Kijana amemtuliza mamaye kwa kumwambia kwamba simu anayo; na kama simu itazimika, amesoma katika kitabu cha Kizungu cha watembeao maporini namna ya kuzijua pande za dunia: kwamba jua la saa sita mchana liko kusini, na kwamba usiku iko nyota moja isiyoondoka mahali pake, nayo huonyesha kaskazini. Mama auliza: amkataze, au amwache?

Jibu letu ni kwamba asimkataze. Lakini asimwache aende na elimu hiyo tu. Kitabu hicho hakikusema uwongo. Kimesema kweli ya Ulaya, na kweli ya Ulaya ikichukuliwa hadi Lushoto yaweza kumpoteza mtu mchana kweupe.

Jua halina njia moja mwaka mzima. Mwezi wa Juni hufika mbali kaskazini, digrii 23 na nusu hivi kutoka mstari wa Ikweta, na mwezi wa Desemba hufika kadiri hiyo hiyo kusini. Mkaazi wa London au Berlin yuko kaskazini ya mipaka hiyo yote, kwa hivyo kwake jua la mchana huwa kusini milele. Sisi twakaa ndani ya mipaka. Lushoto iko karibu digrii 5 kusini ya Ikweta. Basi jua hupita juu ya utosi wa watu wa huko mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la mchana liko kusini yao, na kuanzia Machi hadi Oktoba liko kaskazini.

Sasa natumtazame kijana wetu. Ni mwezi wa Juni, saa sita na nusu mchana, naye amefika penye njia panda katika msitu na simu imezimika. Mtae iko kaskazini ya Lushoto. Akikifuata kitabu chake, atalipa jua mgongo, akiamini ya kuwa jua liko kusini. Kumbe jua lile liko kaskazini! Kila hatua atakayopiga itamrudisha kulekule alikotoka, na akiendelea sana ataanza kuteremkia upande wa Mombo, huku moyo wake umetulia kabisa. Hilo la kutulia ndilo tuliogopalo, kwa sababu asiyejua kitu husimama akauliza, lakini mwenye kujua kinyume hukaza mwendo.

Hata lile neno ambalo sote tumelizoea, kwamba jua hutoka mashariki, lataka kuangaliwa. Jua hutoka mashariki halisi siku mbili tu, kiasi cha tarehe 20 Machi na 22 au 23 Septemba. Mwezi wa Juni hutoka digrii 23 hivi upande wa kaskazini ya mashariki. Unyooshe mkono wako mbele na ufumbe ngumi. Upana wa ngumi hiyo ni kama digrii 10, basi hizo ni ngumi mbili na ziada. Mwenye kukosea kwa kadiri hiyo, akatembea kilomita 10, atakuwa ametupwa kando ya njia yake kwa kilomita 4. Katika bara tambarare pengine ataiona barabara. Milimani atakuwa ameingia bonde jingine kabisa.

Ajabu ni kwamba kijana huyu anayo nyumbani mwao elimu iliyo sahihi, ila hakuambiwa kwamba ndiyo hiyo. Nyumba ya Kiislamu huishi kwa jua. Tangu utotoni ameambiwa Adhuhuri haiingii mpaka jua lipinduke. Wakati ule wa zawali, kivuli kinapokuwa kifupi kuliko saa zote, ndipo kinapolala sawasawa katika mstari wa kaskazini na kusini. Lushoto mwezi wa Juni hutukia kiasi cha saa 6 na dakika 27 kwa saa zetu. Kijiti cha mita 1 kilichosimamishwa wima hutoa wakati huo kivuli cha nusu mita na kidogo, nacho huelekea kusini.

Tena iko kibla. Pwani yetu, tangu Mombasa hadi Dar es Salaam, iko karibu katika mstari mmoja na Makka, kwa hivyo kibla chetu ni kaskazini, kasoro ndogo sana. Nairobi huelekea kidogo mashariki, digrii 7 hivi. Lushoto ni kama digrii 3 tu. Basi kila mihrabu atakayoiona kijana katika vijiji vya njiani ni dira isiyotaka betri. Na makaburi ya Waislamu hulala mashariki kwa magharibi, kwa kuwa maiti huelekezwa kibla. Mtae nayo, kwa mtu aliyesimama Lushoto, iko karibu upande huo huo wa kibla. Mama mwambie mwanao hayo, uone kama hatacheka.

Twashauri mafundisho yaanzie uani, wiki kadhaa kabla ya safari. Asimamishe kijiti mahali tambarare, aweke kokote penye ncha ya kivuli, angoje robo saa au dakika 20, kisha aweke la pili. Kokote la kwanza ndilo magharibi, la pili ndilo mashariki, na mstari baina yake wafaa kwa safari, hasa ukipimwa karibu na mchana. Asubuhi mapema na jioni huenda upande. Akitaka usahihi, na afanye kama walivyofanya wanavyuoni wa falaki wa Kiislamu, ambao waliita kazi hii Duara ya Kihindi: achore duara kwa uzi kukizunguka kijiti, atie alama pale ncha ya kivuli inapoingia ndani ya duara asubuhi, na pale inapotoka baada ya mchana. Mstari wa kuunga alama mbili hizo ndio mashariki na magharibi. Kwa njia hii misikiti mingi ilipata kujua pande zake. Kisha aulinganishe na mahali pa musala wa mamaye. Na ikiwa nyumba ina shaka juu ya kibla chake, ingojewe tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, au tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27. Wakati huo jua huwa juu ya Al-Kaaba yenyewe. Atakayelielekea jua atakuwa ameelekea kibla.

Pengine kijana atasema, ya nini taabu yote hii, mtu hawezi kwenda mbele moja kwa moja? Hawezi. Mwaka 2009 wataalamu wa Ujerumani walitoa habari za watu waliowatembeza katika msitu mmoja wa kwao na katika jangwa la kusini mwa Tunisia, wakiwaamuru waende bila kupinda. Walioliona jua walinyooka vizuri. Waliofunikiwa na mawingu walizunguka, na wengine waliivuka njia yao wenyewe bila kutambua. Walipofungwa macho, baadhi yao walifanya duara zisizozidi mita 20 kwa upana, na kila mmoja aliamini kwamba amenyooka.

Tuje kwenye nyota, ambazo Qur'ani Tukufu imezitaja kuwa ni neema ya kuongokea barani na baharini. Nyota ya kaskazini isiyoondoka, ambayo mabaharia Waarabu waliiita Jaha, haionekani Usambara, kwani iko chini ya upeo wa macho. Ahmad bin Majid, mwalimu wa bahari wa karne ya 15, aliijua dhiki hii vizuri. Mabaharia wa wakati wake walipima kimo cha Jaha kwa kibao chenye uzi wa mafundo, na walipokuja kusini, Jaha ikashuka mno, walipima kwa nyota nyingine za kaskazini, miongoni mwao Banati Naashi, zile saba zilizo kama upawa. Basi haya ndiyo ya kumfundisha kijana wa Juni: katikati ya mwezi huo, baina ya Magharibi na Isha, Banati Naashi huwa zimetanda upande wa kaskazini, na wakati huo huo nyota nne za Msalaba wa Kusini husimama wima upande wa pili. Mguu wa Msalaba uliosimama wima huelekeza chini, kwenye kusini halisi. Ukilala ubavu, urefu wake urefushwe mara nne na nusu kutoka mguuni, kisha ashuke na macho mpaka upeoni. Zipo nyota nne nyingine za kuhadaa. Wa kweli una nyota mbili kubwa zinazoufuata upande wa mashariki.

Wasafiri wa Desemba wana bahati zaidi, kwani huona zile tatu za mstari, mshipi wa Al-Jabbar. Ile inayotangulia kutoka huzuka mashariki halisi na kutua magharibi halisi, popote ulipo duniani.

Mwezi nao kila nyumba yaujua kwa tarehe zake. Hilali hutafutwa magharibi. Mwezi wa tarehe 14 huzuka mashariki jua likitua, na usiku wa manane huwa juu. Mwenye kushika tarehe za Hijria ana saa na dira mbinguni.

Lakini Usambara ina ukungu, na Juni ni baridi. Mawingu ya chini husukumwa na Kusi kutoka upande wa kusini-mashariki. Hiyo ni dalili dhaifu, na upepo wa bondeni si wa kutegemewa kamwe. Ukungu ukifunga, waketi pamoja, wavae nguo nzito, wala asitoke mmoja kwenda kutazama njia. Wasifuate mto kwa kudhani utawafikisha mjini, kwa maana mito ya milimani hufika kwanza penye maporomoko. Na giza la msituni halingoji Isha. Saa kumi na moja wawe wamekwisha chagua mahali pa kulala.

Simu waichukue. Hupokea mahali ilipo kutoka satelaiti hata pasipo mtandao, ila ramani iwe imekwisha wekwa ndani yake tangu mjini. Wachukue pia ramani ya karatasi na dira, na waajiri mwongoza njia wa Lushoto, ambaye ni bora kuliko vyote tulivyovitaja. Mama abaki na karatasi yenye majina ya vijiji watakamolala, siku ya kurudi, na saa ambayo, wasipoonekana, atawapasha habari wenye mamlaka.

Mwishoni mwa barua yake mama ametaja kwamba binti yake mdogo, wa miaka 12, amesikia habari ya ile nyota isiyoondoka na auliza kwa nini yeye haioni Tanga. Mwambie iko chini ya upeo wa bahari kwa digrii 5 hivi, nusu ya ngumi yake. Akijaliwa kwenda Hija, aitazame usiku upande wa kaskazini. Makka huiona juu ya upeo kiasi cha ngumi mbili.