Samaki wa Moiben Wapimwe kwa Rula

Uliza kwenye bwawa lolote la Moiben, Kaunti ya Uasin Gishu, kuna samaki wangapi, utachekwa. Hakuna aliyewahesabu, na huenda asitokee wa kuwahesabu. Mengi ya mabwawa ya Uasin Gishu yalichimbwa na walowezi kwa ajili ya mifugo na mashamba, na fedha za utafiti wa uvuvi huelekea Ziwa Victoria na baharini. Hilo hatulilalamikii.

Tunalalamikia visingizio. Mwenye nyavu atakwambia hakuna aliyethibitisha kwamba samaki wanaisha, basi aachwe avue. Mwenye ofisi atasema hana takwimu, basi bwawa lifungwe, au lisubiri bajeti ijayo. Wote wanabahatisha. Tangu mwaka 1995, mwongozo wa uvuvi wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa umesema wazi kwamba upungufu wa taarifa za kisayansi usiwe sababu ya kuahirisha hatua za kuhifadhi samaki.

Tena si lazima kusubiri miaka 20 ya takwimu. Nyavu za kutega zililetwa Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria mwaka 1905. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alizunguka Ziwa Victoria, akaona ngege, perege wa asili wa ziwa hilo, wanavyopungua, akashauri tundu la wavu lisipungue inchi 5. Hakuwa na kumbukumbu ndefu za kumwongoza. Ushauri wake ukawa kanuni, kanuni ikalegezwa, nyavu za matundu madogo zikashamiri. Leo anayemtaka ngege yule wa asili ni heri aende Ziwa Kanyaboli, kule Siaya.

Kwa bwawa la kijijini, vifaa ni rula, mizani na daftari. Kila samaki apimwe urefu kabla hajatiwa kwenye ndoo, na jike akaguliwe kama ana mayai. Ikiwa wengi wanaonaswa hawajawahi kuzaa, tundu la wavu ni dogo mno.

Ila hapa pana mtego. Perege wa bwawani wakisongamana hudumaa: huanza kuzaa wakiwa wadogo, kichwa kikubwa, mwili umekonda. Anayetazama rula peke yake atadhani wamevuliwa kupita kiasi na atafunga bwawa, kumbe wanahitaji kupunguzwa. Bwawa lililovuliwa mno kwa kawaida huonyesha mambo mengine: samaki ni wachache, lakini wale waliobaki wamenona, maana chakula kipo tele. Ndiyo maana mizani inahitajika kando ya rula.

Daftari nalo liandikwe kwa akili. Kilo peke yake hudanganya. Mtu akipata kilo 20 kwa nyavu 3 mwaka huu, na mwakani akapata kilo 20 zile zile kwa nyavu 6 za aina ile ile, atajisifu kwamba hali haijabadilika. Imebadilika sana: kila wavu sasa unaleta nusu ya ulicholeta. Kwa hiyo iandikwe idadi ya nyavu, ukubwa wa tundu, na saa zilizokaa majini. Na wazee waliovua hapo tangu zamani waulizwe ni aina gani ya samaki hawaioni tena. Kumbukumbu zao zina chumvi, tunajua, lakini wazee watano wasiokaa pamoja wakitaja samaki mmoja, hilo si la kupuuzwa.

Wa kuifanya kazi hii hawako mbali. Chuo Kikuu cha Eldoret kiko hapa hapa Chepkoilel, na kina idara ya uvuvi na wanafunzi wanaohitaji mahali pa kujifunzia. Uvuvi umo katika majukumu ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Kaunti ichague mabwawa matatu tu kwa kuanzia, iwape wavuvi madaftari, iwaombe walimu wa chuo wawafundishe kupima, na kila baada ya miezi mitatu matokeo yasomwe mbele ya wavuvi wenyewe, siyo kufungiwa kabatini. Kabla ya hapo, tundu la wavu lisipunguzwe, na bwawa lisifungwe kwa kukisia. Gharama yake haizidi ya semina moja ya hotelini mjini Eldoret, na semina hizo hatujawahi kusikia zikiahirishwa kwa kukosa takwimu.