Tiketi ya Pembea na Nauli ya Boti



Ndugu msomaji, likizo ya skuli inapokaribia, swali ni moja katika nyumba nyingi za Pemba: mwaka huu watoto tutawapeleka wapi? Wapo wanaotosheka na viwanja vya Tibirinzi, hapa Chake Chake. Wapo wanaovuka hadi Kariakoo ya Unguja, na wenye jamaa Dar es Salaam hufika Kunduchi kwenye michezo ya maji. Siku hizi limezuka swali la pili: huko tiketi ni ya namna gani?

Nimesema namna, sikusema kiasi. Ipo tiketi ya mlangoni, ambayo mtoto hulipiwa mara moja akacheza hadi akachoka. Ipo tiketi ya kila mchezo. Kiwanja kinapohama kutoka namna ya kwanza kwenda ya pili, bei iliyobandikwa huonekana imeshuka, kumbe mzigo wa mzazi umepanda. Tuchukue mfano wa baba mwenye watoto sita. Tuseme kiingilio kilikuwa shilingi 5,000 kwa mtoto, michezo yote ndani yake. Atatoa 30,000 na hesabu imekwisha. Sasa tuseme kuingia ni 1,000, na kila mchezo ni 2,000. Watoto wale wakicheza michezo mitatu mitatu, baba ametoa 42,000, na mdogo bado anaililia pembea ya nne.

Jambo hili si geni duniani. Disneyland ya California ilipofunguliwa Julai 1955, mgeni alilipa kuingia, kisha akalipia kila mchezo. Oktoba ya mwaka huohuo vikatolewa vijitabu vya tiketi zilizopangwa kwa herufi, A ikiwa ya michezo midogo. Vijitabu hivyo viliondolewa mwaka 1982, ikabaki tiketi moja kwa yote. Mwaka 2016 viwanja vya Disney vya Marekani vikaanza namna ya tatu: tiketi ya siku moja kuwa ghali zaidi siku za msongamano. Siwalaumu wenye viwanja. Mitambo hula umeme na mafundi hudai ujira. Lakini bei ya kufuata siku humwelemea asiyeweza kuchagua siku, nasi Idi hatuihamishi. Nafuu yetu ni kwamba sikukuu zetu huendelea hadi siku ya nne, na wa siku ya nne hawasukumani kama wa siku ya kwanza.

Kwa Mpemba anayevuka bahari, tiketi ya pembea ni kitu kidogo mbele ya nauli ya boti. Kutoka Mkoani hadi Malindi, kwenda na kurudi, kwa baba, mama na watoto sita, ndiko fedha zinakoishia. Na hapo ndipo mabadiliko madogo ya mlangoni yanapomuumiza kuliko yanavyomuumiza mkaazi wa Mjini. Wa Mjini akikuta bei si ile aliyoizoea, atarejea nyumbani, aje wiki nyingine. Mpemba ameshavuka. Pengine fedha ile ni ya karafuu alizouza msimu uliopita, na hana nyingine mpaka mikarafuu izae tena. Atalipa atakachoambiwa, au atawarudisha watoto wakiwa wameona kwa macho tu. Simu moja kwa jamaa wa Unguja, apite kiwanjani aulize kabla boti haijakatiwa tiketi, ni gharama ndogo sana.

Liko na la uadilifu, ambalo mimi naliona zito kuliko fedha. Tiketi ya kila mchezo humfanya mzazi awe hakimu pale mlangoni, huku watoto wamemzunguka. Anayelia sana hupata mchezo wa tatu. Mpole aliyenyamaza hubaki na mmoja. Tunakijua kisa cha Nu'man bin Bashir, ambaye baba yake alimpa zawadi pekee yake, na Mtume (s.a.w.) akakataa kuishuhudia kwa kuwa nduguze hawakupewa mfano wake. Ni vyema kila mtoto akabidhiwe fungu lake nyumbani, sawasawa, achague mwenyewe atalitumia wapi. Atakayelimaliza kwenye aiskrimu, shauri yake. Na mama aulizwe mapema, maana ndiye ajuaye yupi huogopa mitambo ya juu na yupi hutapika kwenye boti.

Kamati ya msikiti wetu imeshakaa juu ya safari ya watoto wa madrasa kwenda Tibirinzi likizo hii. Walimu wawili watatangulia kuuliza bei na kurudi na jibu lililoandikwa. Mchango utapangwa baada ya hapo, na watoto ambao wazee wao hawakujaaliwa watalipiwa kutoka mfuko mmoja, bila ya majina yao kusomwa. Mwenye cha kuchangia akilete kwa mhasibu baada ya sala ya Ijumaa.