Kiambishi cha Mheshimiwa

Isaka ni kituo cha reli ya Mwanza, huko Kahama. Malori ya Rwanda na Burundi hulala hapo, na treni ya abiria ikisimama, kina mama husogea madirishani na karanga na mayai ya kuchemsha. Nilipopita mara ya mwisho, mmoja wao alinirudishia chenji akisema, "Pokea vijisenti vyako, baba." Nikacheka. Kisha nikaona haya.

Neno hilo tulitiwa mdomoni Aprili 2008. Andrew Chenge, mbunge wa Bariadi Magharibi, wakati Bariadi ingali ndani ya mkoa wa Shinyanga, alikuwa Waziri wa Miundombinu. Wachunguzi wa Uingereza, katika kufuatilia ununuzi wa rada, walikuta zaidi ya dola milioni moja katika akaunti yake kisiwani Jersey. Alipoulizwa na waandishi wa habari, aliziita vijisenti. Akajiuzulu uwaziri. Tumtendee haki: alikana kuwa fedha zile zilihusiana na rada, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa jambo hilo. Mimi si kadhi. Ugomvi wangu naye ni wa lugha, na ulio mkubwa zaidi ni ugomvi wangu na sisi watunzi.

Mwungwana akimkaribisha mgeni katika "kijumba" chake, au malenga akiomba radhi kwa "vishairi" vyake, hujishusha ili mwenziwe apande. Vijisenti vya Mheshimiwa havikumshusha yeye, vilimshusha msikilizaji. Ikiwa dola milioni ni vijisenti, mshahara wa mwalimu wa Isaka tuuite nini? Alivaa joho la unyenyekevu, akatoa dharau.

Nasi tukafanya nini? Tukamtania. Akawa Mzee wa Vijisenti, barazani na vijiweni. Nami nilitunga beti nne, nikapigiwa makofi. Tulisahau kwamba utani, kwa mila zetu, ni udugu: mtani hakasirikiwi, na akikosa husamehewa kabla hajaomba. Bariadi ikamrudisha bungeni 2010, ikamrudisha tena 2015.

Na tulikuwa tukimcheka mtu wa maneno hasa. Tangu 1993 hadi 2005 alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Katika zama hizo ilipita Sheria ya Madini ya 1998, nayo mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 3. Asilimia tatu! Hivyo ndivyo vijisenti vya kweli, na hakuna aliyevitungia hata ubeti. Bulyanhulu, katika Kahama hiyo hiyo, ikafunguliwa 2001. Mwaka 2017 kamati ya Profesa Nehemiah Osoro ilimtaja miongoni mwa waliopaswa kuchunguzwa kuhusu mikataba ya madini.

Mwaka 2014 aliongoza Kamati ya Uandishi ya Bunge Maalumu la Katiba. Rasimu ya Jaji Warioba iliingia mle na serikali tatu, ikatoka na mbili. Wasomaji wa visiwani hawahitaji kufasiriwa hesabu hiyo. Novemba ya mwaka huo huo, ripoti ya sakata la Escrow ilimtaja kuwa amepokea shilingi bilioni 1.6, akaja kuuacha uenyekiti wa Kamati ya Bajeti. Mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mmoja wa wenyeviti wa Bunge, akawa anakalia kiti cha Spika kwa zamu. Mpaka 2020, chama chake kilipompitisha mwingine. Miaka kumi na miwili tangu neno lile, na sisi bado tunacheka.

Beti zangu nne nimezichana. Yule mama wa karanga, treni ilikuwa imekwisha kuondoka, naye akikimbia kandokando ya behewa, mkono juu, ili nisipoteze shilingi mia tatu zangu.