Wanaodharau Chungu cha Leo

Wako watu, tena wenye elimu, wasemao kwamba kazi ya mfinyanzi ina heshima ikiwa ya kale tu. Chungu kilichofukuliwa ardhini hukiweka nyuma ya kioo na kukisifu kwa sauti ya chini. Kilichotoka tanuruni juzi hukipita bila kukitazama. Mimi nayakataa maneno yao, na shahidi wangu ni mahali pamoja katika nchi ya Japani, ambapo wapenda mambo ya kale huenda kwa wingi wasione kilicho mbele ya macho yao.

Shigaraki ni mji mdogo wa milimani katika jimbo la Shiga, na tangu mwaka 2004 umehesabiwa kuwa sehemu ya mji wa Koka. Watu wake wamefinyanga kwa muda wa miaka mia saba na zaidi. Katika mwaka 1990 jimbo lilifungua huko bustani ya watu wote, jina lake Togei no Mori, yaani Msitu wa Ufinyanzi. Mna nyumba ya makumbusho, mna jumba la kuonyesha kazi za viwanda vya wenyeji, tena mna karakana na matanuru ambamo wafinyanzi wa nchi nyingi huja kukaa na kufanya kazi. Basi mgeni aingiaye katika makumbusho peke yake, kisha akarudi kwenye gari lake, ameona theluthi moja tu, naye atawasimulia wenziwe kwamba ameiona Shigaraki!

Je, hiyo mitungi ya kale inayosifiwa ilikuwa nini? Ilikuwa mitungi ya wakulima, ya kuwekea mbegu na maji. Udongo wake una chembe nyeupe za mawe zinazotokeza nje kama punje. Wafinyanzi hawakuipaka kitu. Majivu ya kuni yaliruka tanuruni, yakaangukia mabega ya mtungi, yakayeyuka kwa ukali wa moto yakawa kama kioo cha kijani. Katika karne ya 16 mabingwa wa adabu za chai, kama Takeno Joo na Sen no Rikyu, waliupenda ukali huo wa udongo, hata mtungi mdogo wa ghalani ukatiwa maua ukawekwa mbele ya wageni wa heshima. Wale mabingwa walikitazama chombo cha mkulima wa zama zao. Hawa wasifu wao wa leo hawataki kukitazama cha zama zetu.

Tena mji ule haukukaa mahali pamoja. Baada ya mitungi ya mbegu ilikuja mitungi ya majani ya chai. Kisha yakaja majiko ya udongo ya makaa, ya kuota moto nyumbani, na sehemu kubwa sana ya majiko hayo katika Japani ilitoka Shigaraki. Baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945 watu walianza kuota moto kwa mafuta ya taa na umeme, na jiko la makaa likakosa mnunuzi. Wafinyanzi wangefanyaje, wakae wakilia juu ya jiko? Waligeukia vyungu vya kupandia maua na vigae vya majumba. Katika maonyesho makubwa ya Osaka ya mwaka 1970, Okamoto Taro alisimamisha Mnara wa Jua, na lile jua jeusi lililo mgongoni mwake ni vigae vya Shigaraki.

Na tanuki je? Huyu ni mnyama wa porini wa kabila la mbwa, naye hufinyangwa amesimama, tumbo kubwa, kofia ya majani kichwani, chupa ya pombe mkononi. Mfalme Hirohito alipozuru mji katika mwaka 1951, wenyeji waliwapanga tanuki njiani wakiwa na bendera, na habari zikaenea nchi nzima. Wenye elimu husema ati ni mchezo wa kitoto. Mimi nami siipendi ile chupa yake, walakini tanuki amewalisha watoto wa wafinyanzi, na mkono umfinyangao umefunzwa na udongo ule ule.

Wengine huuliza kwa nini kodi ya watu ilipie matanuru. Tanuru la kuni hutaka moto usiku na mchana kwa siku kadhaa, na watu wa kupokezana zamu, na kuni nyingi. Kijana aanzaye kazi atalijenga kwa fedha gani?

Ila wasinijibu kwa kuhesabu wageni. Tarehe 14 Mei 1991, wakati wa maonyesho ya ufinyanzi ya dunia yaliyofanyika pale, gari la moto lililojaa watu waliokuwa wakienda kuyaona liligongana na jingine kwenye njia yenye reli moja, wakafa watu 42. Umati si sifa ya bustani.

Atakayekwenda Shigaraki na aanzie kwenye matanuru, ayatazame jinsi yalivyojengwa na kuni zilivyopangwa. Kisha ashuke mjini kwenye maduka, anunue bakuli la kulia chakula, alitumie. Makumbusho yatamngoja, mitungi iliyokaa humo haina haraka.